Kimya cha Saa Nne

Ulipiga saa nne usiku, mama.
Nilikuwa bado ofisini, viatu nimevua,
mezani chapati iliyopoa na barua isiyo na sahihi.
Ukauliza, kama unavyoulizia bei ya salfa ya mizabibu:
"Nyemo, hela zangu za Benki ya Mavuno,
nizitoe au nizikalishe?"

Nami nilikuwa najua.
Najua mikopo chechefu, ukurasa kwa ukurasa,
najua ukwasi uliobaki ni wa siku mbili,
najua ghala la alizeti kule Singida
lililowekwa dhamana mara tatu, na ndani yake panya.
Lakini nilikula kiapo, mkono juu ya Biblia
uliyoninunulia siku ya kipaimara:
sitasema, si kwa mume, si kwa mzazi.
Nikasema, "Hombolo mvua imeshanyesha?"

Ukanyamaza.
Nikanyamaza.
"Haya," ukasema, "lala salama."

Sikulala. Gavana alivua miwani, akafikicha macho.
Mmoja wetu akasema tuiache ife,
mbona mwaka juzi ile ndogo ya Manyoni tuliiacha
na dunia haikutikisika.
Dunia ya nani?
Yeremia Chedego alikuwa na pesa za mguu wake mle,
mguu wa kupasuliwa. Leo anauza chumvi Bahi, kakaa.
Kwenye ripoti tuliandika: wenye amana waliathirika kwa kiasi.
Mimi ndiye niliyeandika "kwa kiasi".

Saa nane na nusu tukakubaliana: bilioni arobaini, kwa riba ya kuumiza.
Nikatia sahihi, kijana wa mifumo akabonyeza,
akapiga mwayo, akabonyeza tena,
na zikawepo.
Hakuna jembe lililoinuka, mama. Hakuna kreti iliyobebwa.
Zile zako, milioni tatu na laki mbili,
zilikula misimu tisa na kucha za vidole.

Asubuhi nikatumwa Majengo kutazama.
Upepo ulikuwa umebeba mji mzima machoni mwa watu,
na foleni imezunguka duka la mbegu
ikaenda kupotelea kwa mafundi baiskeli.
Wa kwanza mlangoni, kitenge cha kanisani, pochi kwapani:
wewe.
Nyuma yako Loyi Chibago, nyuma ya Loyi kwaya nzima,
nyuma ya kwaya wachoma nyama wa Mnadani na visu vyao kiunoni,
na watu wasiojua hata jina la benki, wamefuata migongo.
Uliondoka Hombolo na gari la saa kumi na moja.
Kila aliyekuuliza ulimjibu kweli tupu:
"Mwanangu hakusema kitu."

Gari la fedha likafika, askari wawili.
Meneja tulimwagiza ayapange mabunda karibu na kioo,
yaonekane, kama nyanya za juu ya tenga.
Redioni Gavana akasema sentensi moja:
kila anayedai atalipwa.
Foleni ikaanza kulegea mkiani.
Mmoja akacheka, akanunua karanga.
Wewe hukulegea.
Ulilowesha kidole, ukahesabu hadi ya mwisho.

Jioni ukapiga tena.
"Nimezirudisha. Nimebakiza elfu hamsini ya salfa.
Zilikuwa mpya mno, zinanuka wino, nikaona aibu kuzilaza chini ya godoro."
Kisha, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba:
"Siku nyingine, Nyemo, unidanganye vizuri.
Kimya chako kimefika mpaka Mpunguzi."

Nimekaa na maneno yako, viatu nimevua tena.
Nje vumbi linagonga kioo.
Kwetu humu amana ni safu moja katika jedwali.
Na sahihi yangu ni ileile,
kalamu ni ileile,
ila Yeremia Chedego, usiku wake ule,
hakuwa na mtu wa kumpigia
amnyamazie.